Kesho chombo hakitoki

Kikundi: Wesha, Familia na Wageni
Jumapili usiku, mwezi wa Agosti

Salma 19:48
Assalaamu alaykum jamaa. Wageni wa kesho wameshafika Chake Chake, Pemba, salama. Mume, mke na watoto watatu: wa miaka 14, 9 na 5. Wametoka Ujerumani, nusu wameshalipa, na kisiwa cha Misali ndicho walichokitaka tangu barua ya mwanzo. Kaka Hamad, bahari unaionaje?

Hamad 19:55
Waalaykum salaam. Nimekaa gatini tangu alasiri. Kusi imekaza, na nje mkondo unapigana na upepo, maji meupe matupu. TMA, watu wa hali ya hewa, nao wametoa angalizo: upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2.

Kombo 19:58
Yakhe, huku Nungwi, Unguja, ni hivohivo na boti zinatoka. Mgeni katoka mbali. Tukimvunjia safari ataandika mtandaoni kuwa hatuaminiki, na msimu wenyewe ndio huu wa likizo zao. Hamad ataikata bahari taratibu. Watalowa kidogo, basi.

Hamad 20:01
Wangekuwa watu wazima watupu ningefikiria. Kwa mtoto wa miaka 5 sifikirii.

Salma 20:04
Na kuna la jaketi za kuokolea. Tunazo, ila zote za watu wazima. Jioni hii nimemvisha Yusra wetu, naye ana miaka 5 hiyohiyo. Nimefunga mikanda yote, halafu nikamshika jaketi mabegani nikainua. Likapanda mpaka masikioni, kidevu kikapotelea ndani. Majini lingemvuka likaelea peke yake.

Mama 20:06
Basi hapandi chombo mpaka lipatikane la kumfaa. Hilo mie sina la kujadili.

Kombo 20:07
Si atapakatwa na mama yake, Mama Asha?

Hamad 20:09
Wimbi likija ubavuni huyo mama mwenyewe atatafuta pa kujishika. Mikono miwili haitoshi kujishika na kumshika mtoto.

Salma 20:10
Na bima ile ya dola 44 wanayokata wageni kutoka nje tangu Oktoba 2024 haituvui sisi dhamana. Niliulizwa hilo na mgeni wa juzi nikamjibu vivyo hivyo.

Ami Faki 20:16
(sauti)
Nimewasikiliza wanangu. Kombo, nakufahamu, una uchungu na kazi hii na unajua mgeni mmoja akiudhika anaondoka na kumi. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 sisi tulikuwa tunaisubiri meli hapa Pemba, ile Spice Islander. Imepakia kupita kiasi, na kila aliyekuwa pale bandari ya Malindi, Unguja, anaiona imelala upande, na bado ikang'oa nanga, ikazama njiani. Nyumba ngapi zilizika, na ngapi hazikupata hata wa kumzika. Tangu hapo mie mtu akiniambia "wenzetu wanatoka" simsikii. Nahodha kasema hapana, imekwisha. Asibembelezwe, asioneshwe fedha, wala asipigiwe simu na mgeni. Kazi yetu sasa ni kuwapa wale watoto siku nzuri kesho, si siku ya kuwatuliza. Semeni mtawapeleka wapi.

Kombo 20:19
Nimekuelewa ami. Narudisha maneno yangu.

Salma 20:23
Basi kesho msitu wa Ngezi. Mwezi ni 14, bamvua, maji makubwa. Maji yatakupwa saa 4 asubuhi na kujaa saa 10 jioni. Kwa hiyo asubuhi ya pwani haina maana, tuanze na msitu. Gari itoke Chake saa 1, mpaka Konde na kuingia Ngezi kabla jua halijapanda. Mwenye miaka 9 mama yake kaniambia ni mtu wa ndege, kaja na darubini yake. Pemba tuna ndege wanne wasiopatikana kwengine duniani, na ninga wa Pemba humo Ngezi yumo.

Hamad 20:25
Muoneshe na mpapindi. Nao haumei wenyewe popote ila kisiwa hiki. Wageni wengi wanaupita wakidhani ni mnazi mchanga.

Shangazi Mize 20:28
Wavae suruali ndefu na viatu vya kufunika, siafu wamo msimu huu. Na wakitoka msituni waleteni kwangu Konde. Karafuu nimeanika uani, tunachambua. Mwaka jana watoto wa mgeni mmoja walikaa jamvini na wanangu wakachambua vikonyo mpaka vidole vikanuka, hawataki kuondoka. Hapana aliyekuwa akielewa maneno ya mwenzake, na kazi ilikwenda.

Mama 20:29
Wifi, na chakula?

Shangazi Mize 20:30
Chai na machungwa kwangu. Chakula wewe, wapikie huko huko Wesha uwapakie.

Mama 20:33
Ntawafungia wali wa nazi, samaki wa kukaanga bila pilipili, pilipili pembeni. Na mkate wa ufuta. Mtoto wa miaka 5 akikataa vyote hatakataa ndizi.

Hamad 20:36
Mchana wapelekeni ufukwe wa Verani, si wa Vumawimbi. Vumawimbi ni pazuri zaidi kwa macho, lakini uko mashariki na kusi itapiga mchanga machoni. Verani upande wa magharibi ardhi inakinga. Wakishaoga waende mnara wa Kigomasha. Ni wa chuma, wa tangu 1900, na yule wa miaka 14 ataupenda. Ngazi zinazunguka na ni nyembamba, kwa hiyo mdogo abaki chini na mzazi mmoja. Muelezeni mzazi hilo mapema, asikute mtoto analia mlangoni.

Salma 20:39
Halafu Kidike kwa popo, wakati wa kurudi. Iko njiani, na jioni ndiyo saa yake. Mchana popo wananing'inia tu wakijipepea. Magharibi ikikaribia wanaanza kuachia matawi, mmoja, watatu, halafu anga lote. Ubawa mpaka ubawa wanafika mita 1.6, urefu wa mtu.

Ami Faki 20:42
Waelezeni na habari yake. Mwisho wa miaka ya 80 walibaki mia chache, watu walikuwa wakiwawinda wawale, na miti imekatwa. Vijiji vyenyewe vikakubali kuwalinda, na Kidike ni moja ya vijiji hivyo. Mtoto akijua kuwa anachokiona kilikaribia kutoweka ataangalia kwa jicho jengine. Na kiingilio lipeni pale pale kijijini, kwa mkono, wageni wakiona.

Kombo 20:45
Na fedha? Misali ni ghali, Ngezi ni rahisi. Tusiporudisha tofauti wataiona wenyewe.

Salma 20:47
Narudisha ya boti yote. Petroli tumeshanunua lakini haiozi, itatumika Alkhamisi.

Hamad 20:50
Alkhamisi naona patawezekana. Maji yatakuwa yamejaa saa 12 na nusu asubuhi, na bamvua itakuwa inapungua. Tukitoka saa hiyo tunafika Misali kusi haijaamka, tunaangalia matumbawe, saa 5 tumo njiani. Nitaamka alfajiri kuitazama. Nikisema twende, twende. Nikisema hapana msinipigie.

Salma 20:58
Nimewaandikia wageni hivi, semeni kama kuna la kuongeza: "Kesho bahari si salama kwa watoto wenu, na nahodha wetu amekataa kutoka. Fedha za boti tunakurudishieni usiku huu. Tumekupangieni msitu wa Ngezi, nyumba ya shangazi yetu anayekausha karafuu, ufukwe uliokingwa na upepo, na popo wa Pemba jioni. Alkhamisi alfajiri nahodha ataitazama tena bahari, na jibu lake ndilo litakalofuatwa."

Ami Faki 21:00
Zuri. Usiombe radhi mara tatu. Umesema ukweli, inatosha.

Salma 21:21
Baba mtu kajibu. Anasema mkewe alikuwa hajalala tangu jana kwa kuusikiliza upepo hotelini, na aliona haya kusema. Wanaitaka Ngezi. Mwenye ndege keshalala na darubini shingoni.

Mama 21:23
Alhamdulillahi. Sasa na mimi nina neno. Yusra kazaliwa hapa Wesha, kila magharibi jua linazamia upande wa Misali, na hajakikanyaga kile kisiwa. Si yeye tu, watoto wa mtaa mzima. Wanajua watalii wanakwenda, basi. Mtoto wa Ujerumani ataondoka anajua kasa wanataga wapi, na wetu hajui.

Hamad 21:26
Kweli mama. Na wazee wao ndio waliokubali upande wa magharibi wa kisiwa usivuliwe. Watoto wanaambiwa tu "usivue pale", samaki wenyewe hawajawaona.

Shangazi Mize 21:27
Na wangu wa Konde msiwasahau.

Salma 21:31
Tuwapange msimu wa tanga mbili, Oktoba au Novemba. Upepo umelala, maji ni kioo, na wageni si wengi. Kila mzazi atoe ya petroli kwa kadiri yake, asiye nacho aje hivohivo. Watoto 8 kwa safari moja, si zaidi, na watu wazima 4 wanaojua kuogelea. Kaka Hamad?

Hamad 21:32
Nipo. Wakae chini ndani ya chombo, si ubavuni. Na asiyevaa jaketi hapandi, hata akiwa mwanangu.

Kombo 21:34
Jaketi za watoto nazitafuta mie kesho Darajani, mjini Unguja. Kilo ngapi na ngapi?

Salma 21:35
Angalia maandishi ya ndani, kilo 15 mpaka 30. Yawe na mkanda wa kupita katikati ya miguu, huo ndio unaozuia lisipande. Na filimbi. Chukua mawili kwanza, ya wageni wa Alkhamisi, mengine sita tutanunua kabla ya Oktoba.

Kombo 21:37
Nikiyapata yatapanda boti ya Jumanne. Nani atayapokea bandari ya Mkoani?

Hamad 21:38
Mie.