Naomba ushauri: nimeipenda filamu ambayo kila mtu anaiponda

Wakuu, habari za jioni. Nimeiangalia Dreamcatcher, filamu ya kutisha ya 2003, iliyotokana na riwaya ya Stephen King ya 2001, mara ya tatu sasa. Wahakiki wengi waliiponda, na shemeji yangu naye kanicheka. Lakini pale Beaver, mmoja wa wahusika, alipokalia mfuniko wa choo ili dude lililomo lisitoke, linagonga kwa chini, naye anajinyoosha aokote vijiti vya meno sakafuni... nilibana pumzi jamani! Mwisho wake umeharibika, hapo sibishi. Kitabu nimekianza mara mbili nikakwama, kinene mno. Waliokimaliza, mwisho wake ni tofauti na wa filamu? Na nikikisoma chote, filamu haitanichachia?