Siku tatu milimani mwezi wa sita: Rocky, Glacier au Yosemite?

Kiberenge: Wakuu, kwema? Nina siku tatu mwezi wa sita, nataka kwenda kwenye hifadhi ya milimani huku Marekani. Nimebakiwa na Rocky Mountain, Glacier na Yosemite. Tiketi nakata Ijumaa. Niende ipi?

Kobe Mzee: Tarehe ngapi? Unatokea wapi? Na nani? Unauliza uvae nini bila kusema ni harusi au msiba.

Mama Pacha: Tarehe ndiyo muhimu. Barabara ya Going-to-the-Sun kule Glacier mara nyingi haifunguki yote mpaka mwisho wa Juni au Julai. 2022 ilifunguka Julai 13! Ukiwahi, utaishia kutazama ziwa huku katapila zinazoa theluji.

Mwanamlima: Rocky, wala usifikirie mara mbili. Ukishuka Denver, saa moja na nusu uko getini. Barabara ya humo, Trail Ridge, kwa kawaida inafunguliwa mwisho wa Mei, na inakupandisha mpaka mita 3,713 umekaa kwenye kiti.

Mguu Mzito: Hicho kiti ndicho kilichoniponza. Tulitua usiku, asubuhi moja kwa moja mpaka juu. Getini tukarudishwa kwanza, kumbe kibali cha saa ya kuingia kilitakiwa kukatwa mtandaoni mapema, tukangoja mpaka saa nane mchana. Juu huko kichwa kikaanza kutwanga kama kinu. Nikatapika kwenye mfuko wa krispi, krispi zikiwamo. Wingu jeusi likaja, radi, mvua ya mawe, na mke wangu ndiye akashika usukani, yeye anayeogopa hata daraja. Hakunisemesha mpaka Denver. Lala usiku mmoja chini kwanza, na huko juu uwe umeshateremka kabla ya mchana.

Mchaga Halisi: Poleni watu wa pwani. Sisi wa Moshi kimo hakitusumbui.

Kobe Mzee: Moshi mjini haifiki hata mita 1,000. Kuuona mlima dirishani si kuupanda.

Mchaga Halisi: Kwetu ni Marangu, mzee. Usinipangie kwetu.

Mama Pacha: Jamani, mwenye uzi yuko wapi?

Kiberenge: Nipo. Juni 12 hadi 14, natokea Chicago. Nitakuwa na mama, ana miaka 68, magoti yanamsumbua.

Kobe Mzee: Sasa ndiyo unasema!

Mama Pacha: Basi Yosemite. Bondeni ni kama mita 1,200 tu, na Juni maporomoko bado yana maji. Njia ya kwenda poromoko la chini ni fupi, atakaa benchi alowe manyunyu.

Mwanamlima: Ila kutoka Chicago siku nzima inaishia njiani. Halafu foleni ya magari humo bondeni, acha tu.

Kiberenge: Na dubu? Ninunue ile dawa ya kupuliza?

Mwanamlima: Yosemite hairuhusiwi, na kwenye ndege huingii nayo. Chakula kifungie kwenye kabati la chuma, usiache hata dawa ya meno garini.

Mguu Mzito: Dawa ya meno tena?

Mwanamlima: Harufu, mkuu. Mlango wa gari anaukunja kama chapati.

Kiberenge: Mama kasoma hapo kwenye dubu, anauliza kama Chicago hakuna bustani.

Mchaga Halisi: Mlete Marangu.