Kubadili VFS ya Linux (tabaka la kerneli, kiini cha Linux, linalounganisha mifumo yote ya mafaili), nianzie wapi?

mtu_wa_wete: Asalaam alaykum. Mie nnataka kuongeza parameta moja tu kwenye fankisheni ya VFS, ile inayotumiwa na mifumo yote ya mafaili. Nshabadili ext4 na mifumo mingine michache nnayotumia, laptop yangu inabuti vizuri. Niitume hiyo pachi, yaani mabadiliko yangu ya kodi?

darajani77: Yakhe usitume! Mifumo mingine ya mafaili, XFS, Btrfs na wenzao wote, itagoma kukompail (kodi kugeuzwa programu). VFS ni kama gati la Mkoani, ukisogeza ngazi kila boti inakuhusu. Weka fankisheni mpya pembeni, mifumo ihame mmoja mmoja, ya zamani uitoe mwisho. Tazama iterate_shared, fankisheni ya kusoma yaliyomo kwenye folda, iliingia kerneli 4.7 mwaka 2016, iterate ya zamani ikaja kutolewa 6.6, 2023. Miaka saba hiyo sheikh, na waliobaki nyuma ikabidi watiliwe kiraka cha kuunganisha ya zamani na mpya ndo waende.

somo_chake: Na endesha xfstests kwanza, majaribio ya mifumo ya mafaili. get_maintainer.pl, skripti iliyomo kwenye kodi ya kerneli, itakwambia umpelekee nani, ila usisahau linux-fsdevel, orodha ya barua pepe ya watengenezaji wa mifumo ya mafaili. Pachi ikae ndani ya barua yenyewe, maandishi matupu, mie niliambatanisha faili nikajibiwa kimya 😂

mtu_wa_wete: Haya nshafahamu, usiku naanza upya umeme ukiwepo