Kiti mwendo cha mtoto kinapinduka nyuma: turekebishe nini?

Mama wa Pongwe:
Ndugu zangu, ninaomba mawazo. Mwanangu ana miaka 6 na ana mtindio wa ubongo. Kiti mwendo tulichopewa kwa msaada hutulia vizuri sakafuni, lakini juzi, tulipokuwa tukipanda mwinuko wa kuingilia shuleni, misuli ilimkaza, akajinyoosha ghafla, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, na kisogo chake kikaishia kifuani kwangu. Je, nikimwambia fundi achomelee chuma kizito chini ya kiti, kitatulia?

Fundi Vyuma:
Dada, pole sana. Chuma hicho kitakuchosha wewe unayesukuma kabla hakijamfaa mtoto. Kiti hupinduka pale uzito wa mtoto unapovuka nyuma ya mahali gurudumu kubwa linapogusa ardhi, na kwenye mwinuko uzito huo husogea nyuma wenyewe. Likague bamba linaloshika ekseli, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu kubwa: bamba likiwa na matundu kadhaa, hamishia ekseli tundu moja nyuma. Ubaya wake ni kwamba mbele kutakuwa kuzito, na vile vigurudumu vidogo vitazama mchangani. Ndiyo maana viti vya barabara mbovu huundwa kwa magurudumu matatu, la mbele likiwa kubwa na limetangulizwa mbali na miguu. Vyuma vya kuzuia kupinduka, vinavyotokeza nyuma ya kiti, navyo vinafaa, ila hukwama kwenye vizingiti, watu wakavifungua na kuvisahau stoo. Mimi ningevitengeneza vya bawaba, vya kukunjwa tu, visivyong'oka. Halafu samahani kwa kuuliza: begi la shule mnalitundika wapi?

Mama wa Pongwe:
Kwenye mikono ya kusukumia, pamoja na chupa ya maji ya lita 3. Kumbe!

Mfiziotherapia:
Begi lihamie chini ya kiti leo hii. Hata hivyo, tusiangalie magurudumu peke yake, kwa sababu mtoto anayekaza misuli huanza kupoteza utulivu nyonga zinapoteleza mbele, kisha hukanyaga kiegemeo cha miguu na kukisukuma kiegemeo cha mgongo kwa nguvu zote. Mkanda upite juu ya nyonga, ukivutwa chini na nyuma kwa pembe ya takriban digrii 45 hadi 60, wala usipite tumboni. Sikubaliani na desturi ya kumpa mtoto kiti kikubwa "akue nacho"; heri fremu ambayo kina cha kiti na urefu wa kiegemeo cha miguu hurekebishwa kadiri anavyokua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 nao unataka kiti kimkae mtumiaji vizuri na kiendane na mazingira yake. Mkifika Moshi, mafundi sanifu waliosomea TATCOT (chuo cha huko cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi) wanaweza kumpima.

Fundi Vyuma:
Naongeza moja. Baada ya kuhamisha ekseli, msimrudishe mtoto kitini papo hapo. Jazeni mchanga mfuko wenye uzito wake, mkiusimamisha na kuufunga kwenye kiegemeo cha mgongo, maana mchanga uliolala chini utawadanganya, kisha mkipandishe kiti mwinuko uleule wa shuleni, mtu mmoja akisukuma na mwingine akikilinda kwa nyuma.