Weupe wa Daisy katika The Great Gatsby: ni usafi au ni utupu?

Swali

Ndugu wasomaji, ninasoma upya The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa mwaka 1925, na suala la rangi limenitatiza. Tunapokutana kwa mara ya kwanza na Daisy, mwanamke tajiri ambaye Gatsby anampenda, amevaa nguo nyeupe, na rafiki yake Jordan anaposimulia ujana wao huko Louisville anakumbuka kwamba Daisy alivaa nyeupe na alikuwa na kigari cheupe. Mara nyingi weupe huo hufasiriwa kuwa ni usafi wa moyo. Mbona basi mwanamke huyohuyo anamgonga Myrtle, mke wa George Wilson, kwa gari la Gatsby, hasimami, na anamwacha Gatsby abebe lawama?

Jibu la kwanza

Naona Gatsby ndiye anayejihadaa, nasi tumeazima macho yake. Alipompenda Daisy alikuwa ofisa kijana wa jeshi asiye na mali, na katika weupe ule aliona kila alichokikosa. Itazame taa ya kijani iliyo kwenye gati la Daisy. Gatsby anapoinyooshea mikono gizani, kutoka ng'ambo ya ghuba, imebeba tumaini la maisha yake yote. Lakini katika sura ya 5, Daisy akiwa amesimama ubavuni pake, Nick anayetusimulia anahisi kwamba imerudi kuwa taa tu ya gatini. Taa ni ileile, umbali ndio uliokwisha.

Jibu la pili

Ninakubaliana na mwenzangu kwa sehemu kubwa, ila nisingependa Daisy asamehewe upesi hivyo, kwa kuwa weupe ule anauvaa mwenyewe, na anaumudu kwa sababu ana fedha. Ulinganishe na bonde la majivu, eneo la kimaskini wanakoishi Wilson na mkewe, ambako vumbi limefunika suti ya George Wilson na nywele zake, na kila kitu kilicho karibu isipokuwa mkewe. Myrtle huyo, akifika New York, anaziacha teksi nne zipite hadi aione moja mpya ya zambarau hafifu ndipo apande. Ni tukio dogo mno, lakini kwangu linamweleza kuliko maneno yake yote: anataka, walau kwa safari moja, awe mtu wa kuchagua, jambo ambalo Daisy amelizoea tangu utotoni.

Jibu la tatu

Hoja ya jibu la kwanza, kwamba rangi hupata maana kwa anayeitazama, inapata nguvu zaidi kwenye gari la Gatsby. Nick anasema ni la rangi ya krimu, lenye viti vya ngozi ya kijani. Shahidi mmoja wa ajali anasema ni la njano. Na Michaelis, jirani wa Wilson, anamwambia askari wa kwanza kwamba lilikuwa la kijani hafifu. Wilson anashika neno la njano, anamtafuta mwenye gari, na anamuua mtu ambaye hakuwa amelishika usukani. Tom, mume wa Daisy, naye anakataa kuamini kwamba Gatsby alisoma Oxford, akitoa ushahidi mmoja tu, kwamba mtu huyo huvaa suti ya waridi. Ningemwomba muulizaji aisome sura ya 7 kwa makini kabla ya kumhukumu Daisy kwa nguo zake, maana humo Tom anafanya hivyohivyo kwa Gatsby.