Kazi za mwenzangu zimepotea kwenye Git, naombeni ushauri

Fundi_Mdogo: Wakuu, nina hali mbaya. Tuko watatu tunatengeneza mfumo wa duka la dawa, msimbo tunautunza kwa Git, programu inayoweka historia ya kila badiliko. Jana usiku nimepushi, yaani nimepeleka kazi yangu kwenye seva, leo asubuhi komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) za mwenzangu za siku nne hazipo. Yeye yuko msibani Singida. Nafikiria kufuta ripo nzima, yaani hifadhi yote ya mradi, tuanze upya kabla hajarudi.

Mama_Seva: Usifute kitu, mdogo wangu. Git haifuti kazi ya mtu hivi hivi. Ulipushi kawaida au uliweka `--force`, ile ya kulazimisha hata seva ikikataa?

Mzee_wa_SVN: Sisi wa Subversion (SVN), programu nyingine ya kazi hii hii, historia yote ilikaa kwenye seva moja. Siku diski ilipokufa tulibaki tunatazamana. Git aliyoileta Linus Torvalds mwaka 2005 ilinivuta kwa hilo: kila aliyekloni, yaani aliyenakili mradi kwenye kompyuta yake, anayo historia nzima.

Fundi_Mdogo: Niliweka `--force`. Ilikuwa inakataa, saa saba usiku, mteja anasubiri. Ningefanyaje?

Ustaadh77: Ilikataa kwa sababu mwenzako alikuwa ametangulia. Ungevuta kwanza kazi yake kutoka kwenye seva, uiunganishe na yako. Kazi ya mtu ni amana.

Mama_Seva: Haraka ya nini usiku wote huo? Sema yote.

Fundi_Mdogo: Nilikuwa nimepushi faili lenye nywila ya hifadhidata ya mteja. Nikaliondoa kwenye historia asilione mtu.

Kijiti: Hii chai. Mwenzako ana kompyuta yake, komiti zimo humo. Zimepoteaje?

Fundi_Mdogo: Si chai mkuu, kazi hii ndiyo inalisha wanangu. Laptopu yake aliiacha hapa ofisini. Nilidhani zikifutika kwenye seva zimefutika kote.

Kijiti: Basi nisamehe. Iwashe, usivute chochote, andika `git log` uone orodha ya komiti. Ukiziona, `git push origin main:okoa`, zitakaa kwenye seva kwenye tawi la pembeni liitwalo okoa, halafu muunganishe taratibu. Siku nyingine tumia `--force-with-lease`, inagoma kama mtu amepushi kitu ambacho hujakivuta.

Mama_Seva: Na nywila ibadilishwe. Kuifuta kwenye historia hakutoshi, aliyewahi kuivuta bado anayo.

Fundi_Mdogo: Nimeiwasha. Ziko komiti 11, ya mwisho Alhamisi jioni: "rekebisha tahadhari ya dawa zinazokaribia kuisha muda". Mikono inatetemeka. Nywila nitaibadilisha mwenzangu akirudi, sitaki mfumo uzime dukani.

Mama_Seva: Wakishafunga duka leo, ibadilishe. Mpigie mteja sasa hivi umwambie.

Fundi_Mdogo: Simu inaita.