Tupeane uzoefu: saratani ya matiti, nini kilimwokoa au kumchelewesha mtu wako?

Kizota: Leo soko la Majengo hapa Dodoma nimemwona mama amejifunga kitenge kama dada yangu alivyokuwa akificha titi la kushoto. Nimeshindwa hata kununua zabibu. Mliopitia haya, semeni.

Binti Kongwa: Mama aligusa kauvimbe kwenye titi wakati wa kupalilia, kadogo kama punje ya karanga. Hakaumi, akanyamaza. Zahanati wakasema jipu, akapewa vidonge. Kisha mganga, chale na dawa ya kupaka. Hadi tunavuna mtama, ngozi ya titi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani. Mjini wakachukua kinyama kupima: saratani, hatua ya 3 kati ya 4. Kemo kwanza, yaani dripu za dawa ya saratani, ili uvimbe unywee, halafu upasuaji, halafu mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar. Treni ya SGR haikuwepo, ni basi, mama anatapikia mfukoni tangu Gairo. Tukauza ng'ombe wawili. Duru ya tatu ya kemo akaniambia, "Mwanangu, hao mbuzi waacheni wasomeshe wadogo zako." Hakurudi tena kwenye dripu. Sauti yake ninayo mpaka leo.

Nkuhungu: Pole dada. Kwetu hivyo hivyo.

Mzee wa Chamwino: Msiwalaumu waganga wote. Shangazi yangu alikunywa mizizi, uvimbe ukaisha.

Nesi Mstaafu: Shikamoo mzee wangu. Kinyama kilipimwa?

Mzee wa Chamwino: Marahaba. Hapana.

Nesi Mstaafu: Basi hatujui kama ilikuwa saratani. Uvimbe mwingi wa matiti siyo. Lakini huwezi kujua kwa macho.

Bahi Sokoni: Nyama nyekundu mgonjwa aache kabisa!

Nkuhungu: Aache tena? Anakula nini, damu imeshuka hivyo? Apewe mlenda na maini.

Ipagala: Mimi ndiye mgonjwa, mwaka wa 6 huu. Niliwahi, hatua ya 2. Kipimo kilionyesha saratani yangu inalishwa na homoni, nikameza tamoksifeni, vidonge vya kuizuia homoni hiyo, kila siku miaka 5. Jirani yangu tulianza kliniki pamoja, hatua ileile, ila yake haikuwa na vipokezi vya homoni, yaani mahali homoni inapojishikiza kwenye seli, wala protini ya HER2, vidonge vile visingemfaa. Alimaliza kemo yote, ikarudi, akafariki. Hakukosea chochote. Naomba hilo lisemwe misibani.

Kizota: Nimelia.

Nesi Mstaafu: Binti Kongwa, mama aliugua na miaka mingapi?

Binti Kongwa: 44. Mimi nina 38, sijawahi kupima.

Nesi Mstaafu: Niko Makole. Jumatatu saa mbili asubuhi nakusindikiza ukapime.

Binti Kongwa: Nakuja, mama.